Yungiyungi la Bi Tatu

Zuhura mwanangu,

Hali yako sikuulizi, nakusikia kwa masikio yangu. Uko uani na shangazi zako, hina haijakauka miguuni na tayari unacheka kicheko cha kufika sokoni Kariakoo. Cheka, mama. Mimi nimejifungia chumbani na lile daftari lako la shule lililobaki kurasa, nakuandikia kwa herufi hizi hizi ulizonifundisha mwenyewe. Chuoni nilikomea juzuu ya tatu, lakini hati yangu ni nzuri kuliko ya karani mmoja wa Posta ninayemjua. Jina simtaji, ana watoto.

Mume umpikie nini, wageni uwapokee vipi, hayo siandiki. Unayajua. Usipoyajua aibu ni yangu mimi niliyekulea, na mimi si mtu wa kuaibika, kwa hiyo unayajua.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema juzi tulipokuwa tunakunja kanga zako. Barua ya mumeo ilikuwa imefika, amepata chumba Tabora, na nyumba ya pili yake anakaa fundi mmoja wa reli aliyetoka huku kwetu na mkewe anaitwa Tatu. Ukaniuliza, "Mama, si ndiye yule Bi Tatu mwenye kijicho?" Ukakunja kanga nyingine, ukasema, "Basi nikijaliwa mtoto nitamfungia ndani asimwone."

Umesema bila chuki yoyote, kama mtu anayesema chumvi ni chumvi. Ndicho kilichoniuma. Ulipata kwangu neno hilo, Zuhura, na neno hilo ni la uongo, na mimi ndiye niliyelitunga. Sitaki ulipande gari la moshi nalo.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua mimi naitwa Mama Yungi mji mzima, kuanzia Mchafukoge mpaka Gerezani. Hata waliokuwa hawajui jina langu la Mwanaidi wanalijua hilo. Na jina hilo sikulipata bure. Vita vilipokwisha, yule Mhindi Bwana Kanji, mwenye duka la nguo, alinunua nyumba ya Mjerumani kule Mchafukoge, na uani mle akakuta birika la saruji limejaa taka na majani makavu. Nilichukuliwa kufagia. Nikalisafisha birika kwa mikono yangu, na chini kabisa, kwenye debe lililooza, nikakuta mzizi mmoja mnene kama tangawizi, mweusi, una nywele. Mwingine angeutupa. Mimi nikaunusa. Haukuwa na harufu ya uozo. Nikaurudisha majini, na baada ya wiki chache likatoka jani, kisha jingine, kisha ua jeupe lenye moyo wa njano, kubwa kama kisahani cha kikombe cha chai.

Mama Kanji alipoliona akaita nyumba nzima. Akalikata, akaliweka mbele ya miungu yao na ubani, akaniambia, "Mwanaidi, kuanzia leo ufagio basi. Wewe kazi yako maji." Basi hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Yungiyungi la kwetu, lile la buluu la kwenye madimbwi ya Jangwani, kila mtu analijua. Hili la Ulaya, ambalo husikii kwamba limekufa kwa baridi hata kwao maji yakiwa mawe, mwenye kulijua katika mji huu nilikuwa mimi peke yangu. Nasema kweli, muulize yeyote.

Tena peke yangu si kweli. Ndipo ninapofika kwa Tatu.

Tatu alikuwa shoga yangu tangu tunavunja ungo. Nilimtafutia kazi ya kupiga pasi kwa Kanji. Mimi nilikuwa naingia alfajiri, adhuhuri natoka; yeye akawa anaingia adhuhuri mpaka jioni. Tulipishana mlangoni, tunagongana mabega, tunacheka. Mwaka ule mmea ulipojaza debe nikautoa nikaugawa, na kipande kimoja nikampa yeye. Akakipanda kwenye karai uani kwake, Mtaa wa Kongo. Mimi nikamcheka, "Karai la kufulia hilo, shoga, litakupa sabuni badala ya ua."

Wakati huo chama chetu cha lelemama kilikuwa Marashi, na wapinzani wetu walikuwa Vidani. Wewe umekuta lelemama zimepoa, lakini enzi zile! Sare, nyimbo za kuchomana, watu wanahama mitaa kwa sababu ya ngoma. Ikapangwa siku ya kupambana, Mnazi Mmoja, baada ya alasiri. Vidani wakatangaza kwamba watavaa asumini mpaka kiunoni. Mimi nikasimama mbele ya wanawake wote wa Marashi nikasema, "Asumini hata mbuzi anakula. Sisi tutaingia kila mmoja na yungiyungi la Ulaya kichwani, limefunguka kama mwezi. Niachieni mimi."

Mama Kanji akaniruhusu. Nilikuwa na maua kumi na manne siku ile. Nikayakata asubuhi yakiwa yamepanuka, mazuri, nyuki ndani yake. Nikayaweka kwenye beseni la maji nikamwachia Tatu ayalete ngomani akimaliza kazi. Tatu akayatazama, akasema, "Mwanaidi, haya ya alasiri hayafai."

Nikamwambia, "Hayafai kwa nani? Kwa sababu hukuyachuma wewe?"

Akasema tena, "Sikiliza kwanza." Sikusikiliza. Nilikuwa nakimbilia kuvaa.

Tatu akaja na beseni kichwani, amelifunika kitambaa. Marashi wote wamejipanga, Vidani wamejipanga, watu wamezunguka. Nikafunua kitambaa kwa madaha, unajua madaha yangu. Maua yote kumi na manne yalikuwa yamefumba. Yamejikaza kama ngumi za kijani. Nikajaribu kufungua moja kwa vidole, likachanika.

Vidani hawakungoja hata ngoma ipigwe. Palepale wakatunga:

Ua limefumba macho, limechoka kuwaona,
Marashi nendeni zenu, hata ua limenuna!

Mnazi Mmoja pote pakalipuka. Mpaka leo nikipita nyumba fulani Mtaa wa Swahili kuna bibi mmoja kizee hunikoholea wimbo huo.

Mtu mwenye akili angecheka nao. Mimi nikamgeukia Tatu. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na vyama vyote viwili, "Umeyafanya nini maua yangu? Asubuhi yalikuwa mazima. Yamepita mkononi mwako tu. Kijicho hicho, Tatu! Miaka yote umekaa ukinionea kijicho!"

Tatu akaweka beseni chini polepole. Akasema, "Maua haya yanafumba kila siku alasiri, Mwanaidi. Wewe huyaoni kwa sababu alasiri uko kwako umelala. Nilitaka kukwambia."

Nikamjibu, "Mwenye kijicho hakosi la kusema."

Sasa nisikilize. Juma lililofuata nilibaki kwa Kanji makusudi, nikakaa kwenye ukingo wa birika, nikangoja. Jua lilipoinama kidogo tu, adhana ya alasiri haijatoka, ua la kwanza likaanza kujikunja. La pili. Yote. Mimi niliyekuwa naitwa mjuzi wa maji, miaka minne nayatunza, sikuwahi kuyaona yakifumba, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa inaisha adhuhuri na sikuwahi kujiuliza yanafanya nini nikiondoka. Nilidhani vitu vyangu hukaa vile vile nilivyoviacha.

Nilijua, basi. Juma moja tu lilikuwa limepita. Ningeweza kutoka pale nikaenda moja kwa moja Mtaa wa Kongo. Baba yako, Mungu amrehemu, alirudi kutoka bandarini jioni ile nikamsimulia, akanawa mikono, akasema, "Kamwombe radhi mwenzio kabla hujalala." Nikamwambia nitaenda Ijumaa. Ijumaa ikapita, nikasema Ijumaa ijayo.

Lakini neno halikungoja Ijumaa. Kijicho, Zuhura, si tusi la kawaida hapa kwetu, na mimi nilijua. Mwenye kuitwa mchoyo anaweza kutoa, akaonekana ametoa. Mwenye kuitwa ana kijicho afanyeje, atoe nini? Mtoto akihara, wanakumbuka Tatu alimsalimia. Chungu kikivunjika, Tatu alipita. Niliona kwa macho yangu msibani, Bi Chiku, kiongozi wetu, akimnyakua mwanawe kwenye mapaja ya Tatu kama anayetoa mtoto motoni. Tatu akabaki mikono wazi, mapaja matupu. Aliniangalia mimi. Nikajifanya natafuta kiatu.

Nawe ulikuwa na miaka saba, ukayasikia yote hayo uani ukicheza. Ndiko ulikoyapata.

Kisha nikafanya kosa la pili, na hili ni la kazi. Kwa hasira, hasira ya mtu anayejua amekosa, nikasema nitaliotesha yungiyungi upya mpaka litoe maua arobaini, waseme wenyewe. Nikalitoa debeni, nikaligawa vipande vinne, nikajaza madebe mapya mbolea ya mbuzi, mbolea tele, nikavididimiza vipande vile chini kabisa, pamoja na vichwa vinapochipulia majani, na juu nikashindilia udongo kwa nyayo. Kama mtu anayezika. Baada ya siku kumi maji yakageuka kijani kama mchicha, kisha yakanuka. Samaki wa Mama Kanji wakaelea matumbo juu. Nilipochimbua, vipande vyote vinne vilikuwa uji.

Mama Kanji alifunika pua kwa sari, akasema, "Mwanaidi, mwezi ukiisha hakuna ua, tafuta kazi ingine." Hakuwa mkali. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, asubuhi, wewe ndiye uliyefungua mlango. Ukaniita, "Mama, kuna karai la majani." Nikatoka. Karai la Tatu lilikuwa kizingitini, limejaa maji, majani mapana yamebanana hadi yanapandana, na katikati maua mawili yamefunguka. Nikavaa kanga nikakimbia Mtaa wa Kongo. Mwenye nyumba akaniambia Bi Tatu na mumewe wamehamishwa Tabora, wameondoka na gari la alfajiri. Hakuacha salamu. Alijua birika limekufa, alikuwa anapiga pasi humo humo kila siku na harufu ile puani. Hakuninyima.

Nikalibeba karai mpaka kwa Kanji, nikaligawa, nikalipanda. Mama Kanji alipouliza limetoka wapi, nikamwambia, "Nimelifufua." Hivyo tu. Na watu wakalipokea hivyo. Kila yungiyungi jeupe uliloliona mji huu, la kwa Mwarabu wa duka la kahawa, la msikitini kwenye birika dogo, la hospitali, na hilo lililo kwenye mtungi mlangoni kwetu, yote ni watoto wa karai la Tatu. Mimi mkono wangu ninao, sijidharau, hakuna anayeligawa kama mimi. Lakini mmea ni wake. Miaka kumi na miwili nimejivunia mmea wa mtu niliyemharibia jina.

Basi leo, ulipokuwa umekwenda Gerezani kuaga wajomba, Marashi walikuja hapa na vitumbua vyao kukuombea safari njema. Wamebaki wanane. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri juu yako, na ninayo mengi. Badala yake nikawaambia. Nimesimama, nikasema, "Wenzangu, Tatu hakuwa na kijicho. Maua yale hufumba yenyewe alasiri. Nilijua baada ya juma moja nikakaa kimya. Na lililofufuka birikani si langu, ni lake."

Bi Chiku alikuwa na kitumbua mkononi, akakirudisha kwenye sahani. Akasema, "Miaka kumi na miwili, Mama Zuhura!"

Nikasema, "Miaka kumi na miwili."

"Mimi nilimnyang'anya mtoto mikononi. Mbele za watu. Nikaenda nyumbani nikamwogesha mtoto kwa maji ya chumvi."

"Nilikuona."

"Ulikuwa unanitazama?"

"Nilikuwa nakutazama."

Akainuka, akajifunga kanga, akafika mlangoni akageuka. "Kesho stesheni tutakuja wote na vigelegele. Tunakuja kwa ajili ya Zuhura. Kwako wewe sijui lini." Wakaondoka wote naye, na vitumbua wakaviacha. Ndiyo maana ulivikuta vingi hivyo ukauliza kama wageni hawakuja. Ukisoma haya utakuwa umeshaniona nimesimama peke yangu jukwaani; usidhani nimeachwa kwa bahati mbaya. Na usinionee huruma, sipendi sura hiyo. Nitasimama vizuri, nimevaa ile kanga mpya.

Sasa shughuli yenyewe. Leo asubuhi nimetoa kipande, kilicho bora kuliko vyote nilivyowahi kukata. Nimekiosha udongo mpaka nikauona mwili wake wote, nikakata sehemu nyeusi iliyolegea, nikanusa, nikabakisha urefu wa kiganja, nyama ngumu, nyeupe ndani, na kichwa chake kimechipua majani mawili yaliyojikunja. Mizizi mizee nimeipunguza. Nimekizungushia kitambaa kilicholowa na gunia juu yake, kimo ndani ya sufuria yako ndogo. Njiani kila kituo chenye maji kinyunyizie. Kisilowe kikaelea, kisikauke. Usikiweke juu karibu na dirisha la gari, jua litakipika.

Ukifika, usikae nacho. Mumeo atataka kukuonyesha chumba, mwambie ngoja. Nenda kwa Bi Tatu siku hiyo hiyo, na uende asubuhi au adhuhuri, vyovyote, lakini uende mwenyewe. Umpe shikamoo yako kamili, ukiinama. Umwambie, "Mimi Zuhura wa Mwanaidi. Mama amewaambia Marashi kwamba alikusingizia, na amewaambia nani alileta karai." Usiongeze. Usiseme mama anaumwa, mama analia, mama anakukumbuka. Usimwombee radhi kwa niaba yangu, radhi yangu nitaiomba kwa mdomo wangu. Nauli naitafuta, na Mama Kanji nimeshamwambia nitatoka baada ya mfungo. Wewe unapeleka kweli tu, ili akuone mtaani bila kujiuliza unamjua kama nani. Na ukijaliwa mtoto, ukaona Tatu anampenda, mpe ambebe. Mbele za watu.

Akitaka kukipanda na amesahau, msaidie, maana nimekufundisha. Chombo kipana, si kirefu. Karai au debe lililokatwa kwa ubavu. Udongo mzito wa mfinyanzi, hakuna mbolea ya mbuzi, uliona wapi. Kilaze kimeegemea ukingo, kichwa kikitazama katikati, na kichwa kibaki nje ya udongo, Zuhura, nje kabisa, kipate kupumua. Changarawe juu ili samaki wasichimbue. Kwanza maji ya kiasi cha vidole vinne, kisha uwe unaongeza majani yanavyopanda. Kwa hayo mimi ni bingwa na nitabaki bingwa, hata Bi Chiku hawezi kunivua ubingwa huo.

Usije ukafikiri nimekufananisha na kipande cha mzizi kinachohama debe. Wewe ni mtu, tena mtu mwenye ulimi, umeurithi kwangu, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko umbali wa Tabora. Nilikuwa sahihi mara nyingi sana katika maisha yangu, mwanangu, mpaka siku niliyokosea sikuwa nimejifunza namna ya kusema. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la maua kumi na manne. Kilichokuwa kikubwa ni Ijumaa zile.

Shangazi zako wananiita nije nikuone hina ilivyotoka. Nakuja. Barua hii nitaiweka chini ya kanga zako, uisome gari likishaiacha Pugu, ukiwa huwezi tena kurudi kuniuliza maswali.

Bi Tatu anaweza kukupokea kwa chai, au kukufungia mlango. Anaweza kukisikia kisa chote, akakichukua kile kipande mkononi, akakitupa uani mbele yako. Akikitupa, usikiokote. Mpe mkono, umuage vizuri, uende zako. Kimefika kwa mwenyewe.

Mimi mama yako, Mwanaidi, mwenye kukuombea njia nyeupe.